Jiwe la Jabez

Kwetu, ukoo wa Thornley, mtoto hajawa mtoto mpaka alazwe kwenye jiwe. Kila Agosti tunakusanyika shambani, hapa Massachusetts, tunakula chaza na mahindi ya kuchemsha, kisha mtoto mpya analazwa ndani ya shimo laini la lile jiwe na kupigwa picha. Eti babu Jabez, aliyetoka Uingereza miaka mia nne iliyopita, alikuta pori tupu, na mkewe akamlaza humo mzaliwa wao wa kwanza huku yeye akikata miti.

Mimi ndiye niliyejitia kufuatilia historia ya huyo Jabez. Kiherehere changu. Mwezi wa sita nikamwalika Bi Arlene, Mnipmuc, kabila la wenyeji wa asili wa huku, anayeishi mji wa jirani, anisaidie kuielewa ardhi yenyewe. Nilimsimulia habari za Jabez na watoto wetu; alipoliona jiwe alipiga magoti, akaingiza ngumi shimoni, akaizungusha polepole.

"Mama wee! Hiki si kinu?" akasema. "Bibi zangu wametwanga mahindi humu. Pori tupu linatwanga?"

Nilimuuliza nifanye nini.

"Waambie tu. Kabla hamjamlaza mwingine."

Nikamwahidi.

Mwaka huu mtoto alikuwa Emmett, mjukuu wangu. Nilimbeba hadi jiweni, watu wote wameinua simu. Shangazi Hester, mkubwa wetu, alikuwa kwenye kiti chake palepale kando. Nikaona nianze na yeye. Nikamwinamia.

"Shangazi, hiki ni kinu cha Wanipmuc. Nataka niwaambie."

"Najua ni kinu," akanong'ona bila kupepesa jicho. "Mama alijua, bibi alijua. We ulidhani tunamweka mtoto humo kwa nini? Nani atauliza kilichoko chini ya mtoto? Haya, mlaze, jua kali."

"Shangazi Lois, umelala?" mpwa wangu akanipazia sauti. "Nyama inaungua huku!"

Wakacheka. Niliona aibu, nikaona na hasira, lakini ulimi ulikataa kabisa. Nikamlaza Emmett. Alienea humo barabara, wakapiga makofi.

Picha imetoka nzuri mno. Binti yangu ameitundika sebuleni. Mimi niko pembeni, nimeshika ukingo wa kinu, nacheka. Bi Arlene anapiga simu. Sipokei.