Bolti Mbili za Sindano

Gereji ile baba yao aliwaachia wote wawili, ila kaka mtu alijigawia magari na kumwachia dada yake meza ya kupokea simu. Dada mwenyewe walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi uliochoma. Alianza kutambaa chini ya magari tangu angali na meno ya utoto, lakini kila alipoingia mteja, kaka alimtambulisha vilevile: "Huyu mdogo wangu, ananisaidia simu." Sindano alitabasamu na kumeza mate machungu. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kaka yake amwite fundi, tena mbele ya watu.

Asubuhi moja mkandarasi wa majengo akaleta pikapu yake. Injini ilikuwa na nguvu za kutisha, ila nyuma kulikuwa na balaa. Akikanyaga mafuta kwenye mwinuko, tairi za nyuma zilidundadunda na kuchimba kokoto badala ya kushika ardhi. Kelele nyingi, safari hamna.

"Tairi hizo ni nyembamba," kaka akatoa hukumu bila hata kuinama. "Tukanunue pana."

"Kaka, mi naona ekseli inajipinda," Sindano akasema. "Ukikanyaga mafuta, ekseli inataka kuzunguka pamoja na tairi, inakunja springi. Springi ikijirudi, tairi inaruka. Tuweke vyuma vya kuizuia, tuvishikize kwenye chesisi, fremu ya gari."

"Simu inalia," kaka akamjibu.

Simu ilikuwa kimya kabisa.

Wanaume wakaenda zao dukani. Huku nyuma Sindano akakata vyuma viwili imara, akavichomelea masikio ya kupitishia bolti, akavificha chini ya meza. Kaka akarudi peke yake, akafunga tairi zake pana kwa mbwembwe, kisha akaingia ndani kuoga na kuvaa shati jeupe la kumngojea mteja. Hapo dada mtu akateleza chini ya pikapu. Kila upande akafunga chuma kimoja kutoka kwenye ekseli hadi kwenye chesisi, akahakikisha springi bado zinapanda na kushuka. Alipomaliza akavipaka vumbi na grisi kuukuu, visije vikang'aa na kumsema.

Mkandarasi alipofika, kaka akawasha gari, akauelekea mwinuko wa kokoto nyuma ya gereji. Pikapu ikapanda moja kwa moja, haikuruka hata kidogo. Aliposhuka, kifua kilikuwa mbele hatua nzima.

"Si nilisema? Tairi! Mimi gari nalisikia kwa masikio tu."

"Kaka, huna mfano," Sindano akamvika kilemba cha ukoka, akipiga makofi. "Ila naona kama oili inavuja. Hebu niangalie."

Akaingia chini ya gari. Akachomoa bolti ya mbele ya kila chuma, akavifunga vyuma kwa waya visiburuzike, akatoka na uso mkavu.

"Uchafu tu. Mpandishe na mteja naye aonje."

Safari hii pikapu ilicheza ngoma yake yote. Ilidunda, ikamrusha mkandarasi hadi kofia ikamfunika macho, kisha ikazimika katikati ya mwinuko.

"Tairi zimechoka mara hii?" mkandarasi akauliza huku akiitafuta simu yake chini ya kiti.

Kaka alikuwa na majivuno, lakini mjinga hakuwa. Akalirudisha gari chini taratibu, akateremka, akajilaza kwenye vumbi na shati lake jeupe, akaingia chini hadi ikabaki miguu tu.

Mzaha wote ukamwisha Sindano. Alimjua kaka yake akikasirika. Angeweza kumfukuza pale pale, hata mezani asirudi. Akaogopa kwelikweli.

"Nani kachomelea hivi?" sauti ikatoka chini.

"Mimi."

Vidole vikasikika vikipapasa chuma.

"Pamekaa vizuri," kaka akasema polepole, kama mtu anayeng'olewa jino. "Bolti ziko wapi?"

"Ninazo."

"Zilete basi."

"Kwani unamwambia nani?"

"Sindano, acha utoto. Mteja yupo."

"Ndiyo maana nauliza."

Mkandarasi akainama kuitazama miguu ile, kisha akamtazama msichana.

"Fundi," kaka akanong'ona.

"Mteja hajasikia."

"Fundi!" kaka akapayuka, kichwa kikagonga ekseli. "Fundi, nakuomba, niletee bolti!"

Sindano alikuwa amejiandaa kucheka mpaka mbavu zimuume. Machozi yakamtangulia. Akajifuta kwa kiganja chenye grisi, akalala upande wa pili wa gari, akamnyooshea kaka yake bolti.

"Anza na ya kushoto," akamwelekeza. Kaka akaanza na ya kushoto.