Kulegeza Tena

Hakimu alimaliza kusoma hukumu, akafuta miwani kwa pindo la joho, akataja kwa Kiingereza neno la mwisho: release. Mkalimani, mama mtu mzima aliyevua viatu chini ya meza kwa sababu miguu ilimvimba, akalitafsiri kwa sauti yake ya kila siku.

"Mwachilieni."

Pingu za fundi bomba zikafunguka, zikaanguka sakafuni. Mkanda wa askari magereza ukaachia, naye akaiwahi suruali. Makomeo ya madirisha yakachomoka. Kamba za viatu zikafumuka ukumbi mzima, watu wakainama kuzifunga.

Fundi bomba alishtakiwa kwa kuiba pampu ya ofisi moja. Pampu ilikuja kuonekana humohumo ofisini, nyuma ya makabati. Mtoto aliyemwacha akitambaa siku alipokamatwa sasa alikuwa shuleni.

Mwendesha mashtaka akasimama.

"Mheshimiwa, neno hilo lina maana nyingi. Wimbo mpya hutolewa kwa neno hilo, mchezaji huachwa na timu yake, hata maiti huruhusiwa kuchukuliwa. Tujue kwanza asili yake."

Hakimu akamgeukia mkalimani. Mama alikuwa amekula kiapo.

"Limetoka Kilatini, likapitia Kifaransa," akasema. "Huko mwanzo lilikuwa kulegeza tena."

"Kulegeza?"

"Ndiyo. Lakini neno hukua, mheshimiwa. Mtu mzima huwezi kumvisha nepi kwa kuwa zamani alizivaa."

"Mama, jibu ulichoulizwa."

"Kulegeza, mheshimiwa."

Mwendesha mashtaka akaonyesha pingu pale chini. "Basi amri imeshatekelezwa."

Hakimu akatafakari, akaafiki. Fundi akarudishwa mahabusu mikono ikining'inia, askari kando yake kashikilia suruali.

Nje, mke wa fundi alimshika mkalimani kiganja. "Dada, wamesemaje?"

"Wamemlegeza."

"Ndiyo anakuja?"

"Hapana, mdogo wangu."

Tangu siku ile milango ya mahabusu ilikataa kufungika. Waliitwa mafundi wa kufuli, wakabadilisha bawaba, wakaondoka. Wafungwa walilalamika kidogo juu ya baridi, kisha wakazoea.

Kila Jumamosi mke hupita milango yote bila kubisha hodi, na nguo safi kwapani. Humkuta mumewe kaketi kizingitini, miguu kainyoosha hadi nje, jua likimpiga magotini.

Siku moja alimwuliza, "Baba nanihii, si tuondoke tu?"

"Nikitoka bila kuitwa nitakuwa nimetoroka. Hilo litakuwa kosa la kweli."

Mke akazikunja nguo chafu, akazifunga kwenye kanga.

"Mtoto kang'oka jino," akasema.

"Lipi?"

"La mbele, la juu."

Fundi akapitisha ulimi kwenye meno yake mwenyewe, mahali hapo. Kisha askari akapiga filimbi ya kuhesabu watu, naye akaivuta miguu ndani.