Bango la Suti ya Buluu

Ijumaa nzima Kihara alikuwa akimkwepa macho, na Magdaline akajua kuna jambo. Alikuwa ameuza nguo za akina mama katika duka hilo la Nyeri kwa miaka tisa, kwanza chini ya mzee mwenye duka, sasa chini ya mwanawe, huyu Kihara, aliyemfahamu tangu akivaa kaptura ya shule. Kihara hakuwa mtu wa kunyamaza; alizoea kumtania kila asubuhi. Lakini siku hiyo alishinda chumba cha nyuma na Mathenge, mtaalamu wa matangazo kutoka Nairobi, wakinong'onezana kando ya kitu kikubwa kilichofunikwa turubai.

Ulikuwa mwaka wa sabini na saba. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda kuliko mtu yeyote alivyokumbuka, na wanawake wa Gakindu na Mukurweini, ambao zamani walinunua sweta moja kwa miaka mitatu, sasa waliingia mjini wakiwa na pesa kwenye mikoba. Kihara aliwataka hao. Mathenge alikuwa amemwambia kwamba picha ya msichana mwembamba haiwezi kumwingiza dukani mwanamke wa miaka arobaini na saba. Atafutwe mtu wa umri wao. Wakamtazama Magdaline. Wakamvalisha suti ya buluu, wakampiga picha mlangoni, naye akakubali kwa furaha, maana hakuwa amesimama mbele ya kamera tangu harusi yake.

Saa kumi na moja jioni wale wawili walitoka kwenda kunywa chai. Magdaline akaingia chumba cha nyuma, akainua turubai.

Picha zilikuwa mbili. Kulia alikuwa yeye na suti ya buluu, anatabasamu. Kushoto pia alikuwa yeye, lakini hiyo hakujua ilipigwa lini. Alikuwa ameinama juu ya maboksi, kitambaa kimemteleza kichwani, mdomo wazi, koti la kazi limembana tumboni. Chini yake waliandika kwa herufi nyekundu: MAMA, UMECHAKAA? MUME WAKO AMESHAONA.

Akakalia boksi. Theuri, mume wake, alikuwa amehamia Nanyuki miaka minne iliyopita, kwa mwanamke aliyelingana na binti yao. Mji mzima ulijua. Kihara alijua zaidi ya wote, kwa sababu ndiye aliyemkuta siku ile akilia katikati ya makoti.

Kihara na Mathenge waliporudi, Magdaline alikuwa bado ameketi pale.

"Bwana Kihara, hii hapana. Toa hii ya kushoto."

"Mama Muriithi, ulikubali picha," Kihara akasema, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Nilikubali moja. Na hayo maneno?"

Mathenge akacheka kidogo. "Mama, hayo maneno ndiyo yanauza. Mtu lazima ashtuke kwanza."

"Bango limeshatengenezwa," Kihara akasema, akitazama sakafu. "Kesho saa nne tunalifunua. Na wewe utatoka nje na ile suti, watu waone. Kama huwezi, niambie sasa nitafute mwingine wa kushika kazi yako hapa dukani."

Magdaline akasimama. Alichukua mkoba akaenda zake.

Jumamosi barabara ilijaa. Bango lilikuwa juu ya mlango, bado limefunikwa, na Mathenge alikuwa ameshika kipaza sauti akiita akina mama wasogee. Ndani ya duka, Magdaline aliiangalia suti ikining'inia kwenye pazia la chumba cha kujaribia. Aliigusa mkono. Ilikuwa nguo nzuri kweli, na hilo lilimuuma pia.

Turubai likaanguka.

Watu wakainua vichwa, wakasoma. Halafu mwanamume mmoja akacheka kwa nguvu, na wengine wakamfuata. Sauti ya mwanamke ikapanda: "Ngai! Mungu wangu! Si huyo ni Magdaline?" Alikuwa Waithira wa Gakindu, mteja wake wa siku nyingi, aliyekuja na dada zake wawili.

"Na sasa," Mathenge akatangaza, "mwoneni mwenyewe vile amebadilika! Mama, karibu!"

Magdaline akatoka. Alikuwa amevaa koti lake la kazi, na utepe wa kupimia shingoni.

Tabasamu la Mathenge likakauka. Kihara alisogea kama anayetaka kumrudisha ndani, lakini watu walikuwa wakitazama. Magdaline akanyoosha mkono, akachukua kipaza sauti. Kilipiga mluzi.

"Huyo wa kushoto ni mimi," akasema. "Siku hiyo nilikuwa napanga mzigo tangu asubuhi. Nilikuwa nimechoka. Mume wangu hakuniacha kwa sababu ya koti, na nyinyi wote mnajua." Akamgeukia mteja wake. "Waithira, nimekupima mara ngapi?"

"Nyingi," Waithira akajibu.

"Nimewahi kusema namba yako mbele ya mtu?"

"Hata siku moja."

"Basi mimi pia nisisemwe." Akamkabidhi Kihara kipaza sauti, akavua koti, akaliweka kizingitini pamoja na utepe, akaondoka akipita katikati ya watu. Hakuna aliyecheka tena.

Si wote waliomuunga mkono. Wengine waliingia wakanunua, na suti za buluu ziliuzwa sita siku ile. Waithira na dada zake walirudi Gakindu mikono mitupu, na kufikia Jumatano wanawake wa kanisa la Magdaline walikuwa wakipita mlangoni kwa Kihara bila kugeuza shingo.

Alhamisi Kihara alifika mwenyewe nyumbani kwa Magdaline, kofia mkononi. Akakataa kiti.

"Mathenge amerudi Nairobi," akasema. "Nitaiondoa ile ya kushoto."

"Zote mbili."

"Lakini Mama Muriithi, hiyo ya suti ni nzuri."

"Ni nzuri. Ilete hapa nyumbani."

Kihara akaizungusha kofia mkononi. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, "Nilipaswa kukuuliza kwanza. Nisamehe." Magdaline alimwambia atafikiria, na alifikiria kweli, siku nne, kwa sababu alihitaji ile kazi na hakutaka Kihara aione haraka yake. Jumanne akafungua duka saa mbili kamili. Juu ya mlango kulikuwa na misumari minne mitupu. Walifanya kazi pamoja miaka mingine mitano, kwa heshima, lakini Kihara hakuwahi tena kumtania.