Pesa Iliyokwama Katikati

Fundi alikuwa anakunja ukingo wa jiko la mwisho la bati wakati mama mchuuzi, mteja wake wa ng'ambo ya mpaka, alipoielekeza simu kwenye karatasi ya msimbo wa malipo iliyobandikwa mlangoni na kubonyeza.

"Haya, imeingia. Pakia, fundi."

Fundi alifuta mikono kwenye kanga, akatazama simu yake. Hakukuwa na ujumbe.

"Bado, mama."

"Bado nini? Mwenzio nimeshakatwa!" Akamgeuzia kioo. Kweli alikuwa amekatwa, na ada ya kuvuka mpaka juu yake.

Msukuma mkokoteni akapiga miayo. Fundi akatazama kona ya kuwekea mabati. Palikuwa patupu. Pesa hiyo ndiyo ilikuwa ya bati la kesho, na muuza bati hakopeshi hata ndugu yake.

Wakapakia majiko yasubiri mkokotenini, wakaenda wote ofisi ya kampuni ya simu. Kijana wa dirishani alibonyezabonyeza, akakunja uso.

"Laini hii si yako, dada."

"Ni yangu. Naitumia tangu nianze kazi."

"Imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine."

"Ni dada yangu. Kitambulisho changu kilikuwa hakijatoka. Pale kwenye mabanda wote tulifanya hivyo, mwenye kitambulisho anawasajilia wenzake."

"Kwa pesa za humu nchini hakuna tatizo. Ila siku hizi tumeunganishwa na wenzetu wa ng'ambo, na kule jina la biashara lazima lifanane na la laini. Aje mwenyewe aweke kidole."

Fundi akampigia dada yake, aliyeolewa huko ng'ambo, akaweka sauti ya nje.

"Mdogo wangu, daktari kanikataza hata kuinuka kitandani mpaka nijifungue. Nije na nini?"

"Aende tawi la kule," kijana alisema.

"Nilishakwenda kabla sijazidiwa, nimhamishie hiyo laini! Wanasema laini ya huko ishughulikiwe huko huko."

Kijana akakuna shingo. "Basi itabidi imrudie aliyetuma."

"Lini?" mama mchuuzi akadakia.

"Mfumo ndio unaoamua, mama."

"Huo mfumo unakaa wapi? Nielekeze nikaugongee mlango."

Watu kwenye foleni walicheka. Kijana akaita, "Anayefuata!"

Nje jua lilikuwa limeanza kulala, na lango la mpaka lilikuwa karibu kufungwa. Mama mchuuzi hakuwa na pesa nyingine mkononi.

"Fundi, kesho ni siku ya soko. Mimi nimelipa. Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

"Sasa?"

"Chukua tu majiko, mama. Yote."

"Ikinirudia, nakuletea mkononi."

"Na isiporudi?"

Mama mchuuzi akamwambia msukuma mkokoteni, "Twende."

Fundi alirudi bandani peke yake. Akasimama kidogo, mikono kiunoni, kisha akasogeza meza, akapanda na nyundo na kuanza kung'oa misumari ya paa.

Mshona viatu wa banda jirani akachungulia. "Shoga, umechanganyikiwa? Na mvua je?"

Fundi akalishusha bati la kwanza, akalilaza chini, akaanza kugonga migongo ya mawimbi yake, mmoja baada ya mwingine, hadi ikalala bapa.