Moto Uliolazwa

Zipora alikuwa anampimia mteja mchele sokoni Tinde pale jirani yake Noela alipofika na kikapu, akaanza kucheka hata kabla ya kusalimia.

"Mama Blessing, mama mkwe wako ana vituko! Nimemwacha jikoni kwangu anazoa majivu, ungo mzima. Namuuliza, mama, majivu yote hayo ya nini? Anasema anakwenda kulaza moto."

Kisado kilimtoka Zipora mkononi, mchele ukamwagika miguuni pa mteja.

"Moto upi?"

"Si huo wenu wa ukutani. Kwani mnao mwingine?"

 Zipora alikuwa tayari anatafuta simu ndani ya mkoba.

Msomaji asimwone bibi huyo mwehu. Katika miji ya Wasukuma wa zamani moto hauzimwi ovyo. Ukimaliza kuota unaukusanya, unaufunika kwa majivu, nao unalala chini yake. Ukija kuufukua unakuta makaa mekundu yanakusubiri. Mwanamke anayeacha moto macho halafu akajilaza, huyo ni mzembe, na wenzake watamsema kisimani. Nyanzobe, mama mkwe wa Zipora, alikuwa mlaza moto tangu usichana wake, wala hakuna uliowahi kumfia. Lakini moto wa gesi, kama huo wa ukutani, hauna makaa. Ukiufunika kwa majivu unakufa, na gesi inaendelea kutoka kimyakimya, nzito kuliko hewa, ikitambaa sakafuni. Na Nyanzobe kitanda hakitaki. Hulala chini, kwenye mkeka, uso umeelekea meko.

Meko yenyewe aliyachagua Zipora. Daktari wa hospitali ya Kolandoto alikuwa amesema kifua cha bibi kimekula moshi wa maisha mazima, sasa kuni basi. Nyanzobe naye akasema bila moto halali, na kama wanataka afe kwa baridi ya kipupwe, waseme tu wasizunguke. Mwanawe Maduhu, ambaye hununua dhahabu kule Geita na kuja nyumbani anapojisikia, alijibu kwa simu kwamba mke wake atajua la kufanya. Basi Zipora akaenda Shinyanga mjini, dukani kwa Jashvant, muuza majiko na vifaa vya gesi.

Jashvant alimwonyesha kwanza meko yenye kioo mbele. Zipora akakataa, alijua mama atasema hiyo ni televisheni. Akamwonyesha yaliyo wazi, yenye magogo ya udongo yaliyochongwa vizuri hata ungedhani yamekatwa porini. Kisha akamwelekeza kwenye kijiti chembamba cha shaba kilichosimama kando ya mwali.

"Hiki ndicho mlinzi, dada. Moto ukizimika kinapoa, na kikipoa gesi inajifunga yenyewe. Ninayo mengine hayana kijiti, bei yake nafuu. Kwangu nisingeyaweka."

Zipora akachukua yenye kijiti. Hilo tumpe haki yake.

Fundi Adam alikuja akatoboa ukuta, akapandisha dohani hadi juu ya bati, akauweka mtungi nje nyuma ya nyumba. Chini kabisa ya ukuta akaacha tundu, gesi ikivuja ipate pa kutokea, akawaonya wasilizibe. Nyanzobe aliketi mbele ya ule moto mpya, akanyoosha viganja, akauangalia kwa mashaka kama mtu anayeangalia ng'ombe wa mnadani.

"Haya, huu usiokula kuni unakula nini?"

Lakini usiku ule hakukohoa. Zipora alilala chumba cha pili akisikiliza ukimya, na furaha aliyoipata hakuwahi kumsimulia mtu.

Furaha ya mja haidumu. Siku si nyingi kijiti kikaharibika. Ukibonyeza kitufe moto unawaka, ukikiachia unazimika. Adam akasema ameagiza kijiti kingine Mwanza, kitakuja na basi. Jumamosi ya wiki hiyohiyo Maduhu naye akafika kutoka Geita na wajomba zake, ameshawasifia moto wa mama yake njia nzima. Moto ukazimika mbele yao. Mjomba mmoja akacheka, na Maduhu ni mtu ambaye kuchekwa kwake ni msiba. Akachukua waya wa umeme, akakibana kitufe mpaka ndani, akakifunga kwa waya kisirudi.

"Sasa uzimike tena tuone."

Zipora ndiye aliyemshikia tochi.

"Baba Blessing, Jashvant alisema hicho ndicho kinacho..."

"Jashvant anaishi humu?"

Akanyamaza. Wageni walikuwa wanasubiri chakula, na mume anayeonekana kwa nadra huna hamu ya kugombana naye. Jumatatu Maduhu akarudi Geita, waya ukabaki. Zipora akajiambia atakuwa mwangalifu mpaka kijiti kije: atafunga mtungi yeye mwenyewe kila asubuhi, atazibua tundu ambalo mama huliziba kwa gunia akikimbia upepo, na mama hatagusa kitu. Kwa nini, hakumweleza. Angemwelezaje bila kumtaja mwanawe?

Asubuhi ya leo baridi ilikuwa inauma. Nyanzobe aliomba moto uachwe, hata mdogo. Zipora amechelewa soko, mchele uko begani.

"Haya, nauacha. Lakini usiuguse! Huo si moto wako, mama, huujui hata kidogo!"

Maneno hayo kwa mama wa mume wake. Bibi aligeukia ukuta, na Zipora akaondoka bila kuzibua tundu. Hasira hasara.

Sasa pale sokoni simu ya Adam iliita muda mrefu kabla ya kupokelewa. Aliposikia, fundi hakupoteza maneno. "Funga mtungi kwanza. Kisha milango, madirisha, yote wazi. Taa isiguswe. Kiberiti kisiwashwe." Nyanzobe mwenyewe hakuwa na simu, husema simu ni ya watu wasiotaka kutembeleana. Noela yuko hapa sokoni, na kwake hakuna mtu. Majirani wengine wako ng'ambo ya mashamba ya mtama.

"Donatus!" Zipora alimwita dereva wa bodaboda aliyekuwa amejiegemeza kwenye pikipiki yake. "Nyumbani kwangu. Breki isahau."

Donatus aliisahau kweli. Walitoka lami wakaingia njia ya vumbi, na Zipora nyuma yake alikuwa anaomba kwa sauti bila kujali nani anasikia. "Asiwe amelala. Mungu wangu, asiwe amelala." Katikati ya njia wakakuta kundi la ng'ombe linakwenda lambo, pana kama mto, na mchungaji yuko mbele kabisa anapiga mluzi. Donatus akapiga honi. Ng'ombe wakamtazama. Zipora akashuka, akawapiga makofi mapajani, akawasukuma kwa bega, akapita katikati ya pembe akilia kwa hasira, na Donatus akimfuata nyuma akiisukuma pikipiki.

Alipokuwa tena juu ya pikipiki alimwona mama mkwe amelala mkekani, mdomo wazi, ametulia mno. Alimwona waziwazi ingawa nyumba ilikuwa bado haijaonekana. Akajua kama ndivyo ilivyo, hakuna mtu duniani atakayemwondolea hatia hiyo.

Walifika kwenye uzio wa minyaa, mahali ambapo pikipiki haipiti. Zipora akaruka. Na hapo, ng'ambo ya uwanja, akamwona Nyanzobe kwa miguu yake mwenyewe, anatokea upande wa kwa Noela. Yu hai! Zipora alimshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha akaona alichobeba.

Moto wa ukutani aliokuwa ameulaza haukuamka. Bibi aliufukua, akakuta baridi tupu, na akafanya afanyavyo mwanamke yeyote aliyefiwa na moto: alikwenda kuomba makaa kwa jirani. Jirani hakuwepo, lakini makaa yake yalikuwepo. Nyanzobe aliyabeba juu ya kigae, mekundu, anayapuliza taratibu yasife, anauelekea mlango wa nyumba iliyojaa gesi.

"Mama! Acha huo moto!"

Nyanzobe alisikia. Masikio yake hayana kasoro, iliyokufa kwa moshi ni pua tu. Alisikia sauti ileile ya asubuhi na maneno yaleyale ya asubuhi, akainyoosha shingo, akaongeza mwendo.

"Mama, nakuomba! Simama!"

Wapi. Kisogo tu. Hatua chache zilikuwa zimebaki afike barazani, na Zipora alikuwa mbali mno kumkamata. Hapo ndipo alipopiga mwano.

Mwano si kelele. Ni yowe refu la hatari, na huku kwetu ukipigwa hakuna anayeuliza nani kaupiga. Jembe unaliacha, chakula unakiacha, hata uliyenuniana naye unamkimbilia. Asiyeitikia atajieleza mbele ya sungusungu, walinzi wa kijiji, na anayeupiga bila sababu atajieleza zaidi. Zipora, mzaliwa wa mjini, hakuwahi kuupiga maishani. Alijaza kifua akauachia, mpaka koo likamchanika.

Nyanzobe akasimama, mguu mmoja barazani. Malezi yake yakaishinda hasira yake. Akakiweka kigae chini, palepale mlangoni, akageuka akaanza kukimbia. Bibi yule mwenye kifua kibovu alikimbia kumwokoa mkwewe, ngumi zimekunjwa.

"Wako wapi? Wako wapi, mama?"

Zipora alimpita bila kusimama. Harufu ilimpokea barazani, ya kitunguu kilichooza, ikitoka chini ya mlango. Makaa yalikuwa yanang'aa kwa upepo. Alikibeba kigae kwa mikono mitupu, akahisi ngozi inashika, akakimbia nacho mpaka nje ya uzio kabla ya kukitupa. Akarudi mbio nyuma ya nyumba, akafunga mtungi. Akachomoa gunia tunduni. Akabana pumzi, akafungua mlango na madirisha yote, ndipo akaketi chini uwanjani, mikono ameiweka mbele kama si yake.

Watu walikuwa wanafika, wenye fimbo, wenye pinde, mmoja ndevu zimenyolewa upande. Nkwabi, kiongozi wa sungusungu, alitangulia.

"Mwizi yuko wapi?"

Harufu ikamjibu. Watu wakashika pua. Kijana mmoja akachungulia dirishani, akaona magogo yamejaa majivu, akapiga kofi. "Jamani! Bibi kafunika gesi na majivu!" Vicheko vikatoka, na baada ya vicheko ushauri, maana watu hawakosi ushauri. Mzee huyu sasa hafai kuachwa peke yake. Atafutiwe msichana wa kumlinda. Moto asipewe tena.

Nyanzobe alisimama katikati yao, mikono inaning'inia. Zipora hakuwahi kumwona akiogopa.

"Nimelaza moto tangu sijaolewa," bibi alisema, kwa sauti ndogo. "Leo nimekosea wapi?"

 Mkosaji alikuwa ameshapatikana, na Zipora hakuhitaji kufanya lolote zaidi ya kunyamaza, kazi ambayo alikuwa na uzoefu nayo.

"Mama Blessing," alisema Nkwabi, "nauliza. Mwano ulikuwa wa nini?"

"Mama hajakosea," Zipora alisema, akainuka. "Meko hayo yana kijiti cha kulinda. Moto ukizimika, gesi inajifunga. Kiliharibika, mume wangu akakifunga kitufe kwa waya ili wageni wasimcheke, na mimi nilimshikia tochi. Mama hatukumwambia. Nilimkataza tu asiguse, kama mtoto. Mnaowatafuta ni sisi wawili."

Minong'ono ikapita. Mwanamke kumwanika mumewe mbele ya wanaume, jambo hilo lina gharama yake, na Zipora alijua. Nkwabi alimtazama usoni, kisha akatazama viganja vyake.

"Maduhu akirudi apitie kwangu kabla ya kufika kwake," alisema. "Mwano ulikuwa wa haki. Mpelekeni huyu hospitali."

Aliporudi jioni mikono ilikuwa ndani ya bandeji na simu imeshaita mara nyingi. Noela alimshikia sikioni. Maduhu alianza kwa ukali, akauliza kwa nini amemwaibisha, kisha akauliza kama mama yake anakula, kisha akashindwa kuendelea. Kesho anakuja, alisema.

Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Baridi ilikuwa imeingia kama mwenye nyumba. Nyanzobe alikuwa mkekani, amejifunika mablanketi yote.

"Mama, leo hakuna moto," Zipora alisema mlangoni. "Nisamehe."

"Asubuhi umesema siujui moto wako."

"Ndiyo, mama."

"Kweli siujui. Hukunifundisha."

Zipora akalia. Alilia bila adabu, kamasi na machozi pamoja, na kwa bandeji zile hakuweza hata kujifuta. Nyanzobe akamwita kwa kichwa, akamkalisha, akamfuta kwa pindo la kitenge, kwa nguvu, mpaka pua ikamuuma. Kisha akainua blanketi upande mmoja.

"Ingia upesi, mwanangu, ng'wanawane. Unaniingizia baridi."