Mashine Iliyomkataa Mkaguzi

Miaka minne Mama Klorini alikuwa akipima uchu. Ndiyo, uchu! Molekuli zenye klorini zikipitiwa na elektroni huzidaka na kuzing'ang'ania, na kazi yake ilikuwa kusema kila moja ina uchu kiasi gani. Leo Mkaguzi wa vifaa vya chuo anakuja. Namba aliyoipata juzi ikijirudia mbele ya mgeni huyo, mashine ya kupimia inabaki maabara. Isipojirudia, inahamishiwa idara nyingine, na shahada ya uzamivu ya Mama Klorini ndiyo basi tena.

Sasa, kabla ya kipimo chochote lazima avute hewa ya chumba kwa bomba la sindano, ailishe mashine. Hewa ikiwa safi, mstari kwenye skrini hulala. Asubuhi ulilala fofofo. Mkaguzi akaingia, suti imenyooka hadi inatisha, akasimama begani pake. Mama Klorini akavuta hewa, akasukuma. Mstari ukaruka mpaka juu!

"Hii ni kawaida?" akauliza Mkaguzi.

"Hapana, mzee," akajibu Mama Klorini. Profesa wake, kule mlangoni, alishaanza kutazama viatu.

Akarudia. Yaleyale. Simu ya Mkaguzi ikalia, akatoka nje, kipimo kikarudiwa, mstari ukalala. Akarudi, ukaruka. Mama Klorini akamkodolea macho, akanusa. Loo!

"Samahani, mzee. Suti hiyo imetoka kwa dobi?"

"Jana. Dobi yule wa dawa, asiyetumia maji. Mke wangu alitaka nipendeze."

"Dawa yake ina klorini. Mashine inakunusa wewe." Akanyoosha mkono. "Naomba uvue koti."

Profesa akakohoa kama aliyepaliwa.

Koti likapelekwa mwisho wa korido, madirisha yakafunguliwa. Mstari ukashuka, lakini haukulala. Macho ya wote yakateremka taratibu hadi kwenye suruali.

"Hata kidogo!" akasema Mkaguzi.

"Basi mtaichukua mashine kwa kosa la dobi," akasema Mama Klorini. Miaka minne, jamani, na sasa suruali!

Mkaguzi akaitazama suruali yake. Kisha akaomba koti jeupe la maabara, lile refu kuliko yote, akajifungia stoo. Alipotoka, magoti nje, mstari ukalala, na namba ikajirudia mara tatu.

"Yaani imejua koti, ikajua na suruali?"

"Imejua, mzee."

"Basi inabaki hapahapa, isihamishwe na mtu."

Akasaini fomu ya ukaguzi akiwa amesimama, maana kwa koti lile, kukaa kusingewezekana.