Jumapili za Mzee Zamu

Jumanne asubuhi Mama Gundi alipika gundi yake ya unga wa ngano, akaifunika kwa sahani isiote ngozi, akatandaza mezani jani la Machi la kalenda ya zamani. Juu palikuwa na picha ya kiwanda cha sabuni, chini tarehe, na Jumapili zote kwa wino mwekundu.

Kiwanda kiliwapa wafanyakazi wake kalenda kila mwisho wa mwaka, pamoja na kupeana mikono. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Zamu, alikuwa fundi wa boila pale mpaka magoti yalipomwambia basi, kwa hiyo kalenda nyumbani zilikuwa tele. Mama Gundi alizigeuza bahasha, mifuko ya zawadi, nyota za kuning'iniza dirishani, na shanga alizoziviringisha kwa sindano ya kufumia na kuzipaka vanishi. Siku hizi alikuwa ameshikwa na visanduku. Picha ilikuwa kifuniko, tarehe zikawa kisanduku chenyewe. Anayejua kukunja kona, alipenda kusema, hahitaji gundi nyingi.

Kisanduku cha Machi kilipokauka, alikifunua ili atie vifungo vyake, na Jumapili ikatoka.

Kwanza redio ya jirani ilinyamaza. Kisha jua likaingia dirishani taratibu, jua la mtu asiye na pa kwenda. Mzee Zamu, aliyekuwa chumbani akibishana na magoti yake, alikuja sebuleni akitembea vizuri, amevaa shati ambalo lilikwisha kuwa dekio miaka mingi iliyopita.

"Leo Jumapili," alisema.

"Leo Jumanne," mkewe akamjibu.

"Kwa wengine."

Alikaza mguu wa meza uliokuwa ukicheza tangu enzi hizo, akala mchana bila kutazama saa, akalala kwenye kochi na gazeti usoni. Jioni Jumapili iliisha. Magoti yakarudi na shati likawa dekio, lakini meza ilibaki imetulia.

Kesho yake walifungua visanduku vingine. Viwili vitatu havikuwa na kitu. Vilivyobaki vyote vilikuwa na Jumapili ndani. Mzee Zamu alizisoma tarehe ubavuni, akaelewa kabla chai haijapoa.

"Zile nilizokaa nyumbani nilikwisha zila," alisema. "Hizi ndizo nilizoshinda kwenye boila. Hakuna aliyezigusa."

"Mbona ni nyingi hivi?"

"Mke wangu, ulidhani nilikuwa wapi?"

Hapo ndipo Mama Gundi alipojutia mkono wake usiojua kubana, maana visanduku vingi alikwisha vigawa mtaani. Alikwenda kwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, aliyekuwa amepewa kimoja cha kuwekea pini. Fundi cherehani alikiri kwamba alipokifungua alipumzika siku nzima, na sare za watoto wa watu zikachelewa.

"Nilijua ni siku ya mtu," alisema. "Viatu vilivyokuwa mlangoni vilikuwa vikubwa mno. Lakini shoga yangu, ilikuwa tamu!"

Jumapili iliyoliwa haitapikwi, na Mama Gundi hakuwa mtu wa kununa. Ila ilikuwapo moja ambayo hakutaka iangukie kwa jirani yeyote. Binti yao alipokuwa mdogo, baba yake alimwahidi kumfundisha baiskeli Jumapili fulani. Boila ikapasuka bomba asubuhi hiyo, akaitwa. Mtoto alikaa kizingitini na baiskeli ya kuazima mpaka giza likaingia na mwenye baiskeli akaja kuichukua. Hakulia. Tangu hapo aliongea na baba yake kama mtu anavyoongea na karani wa posta, kwa adabu na kwa ufupi. Mpaka leo, mtu mzima mwenye mtoto wake, naye akifunga sabuni kwenye katoni katika kiwanda kilekile, alipita akitoka kazini, akatoa shikamoo, akauliza magoti, akaondoka. Mama Gundi aliumia kila mara mlango ulipofungwa. Alitaka awaone wakicheka pamoja kabla mzee hajalazwa kitandani moja kwa moja.

Kalenda ya mwaka ule aliitafuta kabatini na chini ya godoro, asiione. Ndipo akakumbuka. Aliikatakata mwenyewe kufunikia madaftari ya mtoto wakati shule zinafunguliwa, upande mweupe nje, kama afanyavyo kila mama. Madaftari yalikuwa kwenye boksi chini ya kitanda cha binti.

"Daftari la hesabu unalitakia nini, mama?" binti aliuliza alipolileta.

"Hesabu zako baki nazo. Mimi nataka jalada, jani la mwezi ule."

Karatasi ilikuwa imelegea kwenye mikunjo na ina alama ya chai. Mama Gundi alizidisha gundi, jambo lililomtia aibu kidogo, akakunja kona zake. Kisanduku kilipokauka alimwita binti, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, aje na mtoto wake, msichana wa darasa la tatu. Akafunua kifuniko.

Binti, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifupika mpaka ovaroli la kiwanda likalala sakafuni kumzunguka. Mtoto wake, ambaye sasa alikuwa mrefu kumzidi, alimtolea gauni kwenye begi.

"Usilichafue," alimwambia mama yake.

Baiskeli ya kuazima ilikuwa imeegemea ukutani. Binti akapanda, Mzee Zamu akashika tandiko, akakimbia nyuma yake njia nzima mpaka kwenye mtaro na kurudi, magoti kimya.

"Usiniachie, baba!"

"Sijakuachia!" alijibu kutoka mbali, mikono mfukoni.

Binti aligeuka, akamwona aliko, akaenda moja kwa moja mtaroni. Alitoka amejaa tope na kucheka, akataka tena. Mama Gundi aliketi kizingitini, sahani ya gundi mapajani, akajisikia ameshiba bila kula. Mjukuu alisubiri kwa subira pembeni, lakini zamu yake ilipofika jioni ilikuwa imeingia na baiskeli haikuwapo tena.

Binti alirudia kimo chake. Mchubuko wa goti alibaki nao. Aliketi karibu na baba yake kwenye kochi.

"Ulisema hujaniachia."

"Ningesema kweli ungeanguka."

"Si nilianguka!"

"Basi," alisema mzee, "bora tulipata raha kwanza." Wakacheka wote wawili, na siku hiyo binti hakuharakisha kuondoka. Tangu hapo akipita huketi, humsugua baba yake magoti kwa mafuta ya moto na kumsuta kwa habari ya mtaro.

Fundi cherehani hakuwa na kufuli mdomoni, hivyo habari zilifika kiwandani. Afisa utumishi alikuja mwenyewe, akakubali kiti, akageuzageuza kisanduku mkononi mpaka akaridhika kwamba ni kalenda yao.

"Tumefurahi sana," alisema. "Siku zote tulisikitika kwamba Jumapili hizi zinapotea. Kumbe hazipotei."

Zamu za Jumapili, ambazo zamani zilikuwa za mtu kuitwa kwa dharura, sasa ziliwekwa kwa wote. Na mwisho wa mwaka kalenda zilitoka kwa karatasi nzito zaidi, ya kukunjika vizuri.

Binti alileta ya kwake jioni aliyokabidhiwa, mkono ukiwa bado una joto la kupeana. Mama Gundi alibinya jani la Januari kwa vidole viwili.

"Hii haipasuki konani," alisema kwa kuridhika, na Mzee Zamu akaning'iniza kalenda juu ya meza isiyocheza.

"Mama," mjukuu aliuliza, "Jumapili utanifundisha baiskeli?"

"Jumapili nina zamu, mwanangu."

Mtoto hakulia. Alivuta kiti ukutani, akapanda, akatoa kalamu, akaanza kuandika jina lake kwenye tarehe nyekundu, moja baada ya nyingine, zisije zikagawiwa majirani.